Rimu Zinazokaa Kila Gari

Rimu ya kwanza iliingia bila mlio, na hapo ndipo Hillevi alipojua kwamba kuna jambo haliko sawa.

Rimu huingia kwa kelele. Hukwaruza bolti, hugonga habu, hudai kusukumwa kwa goti. Hii iliteleza tu, kama mkono unaorudi mfukoni. Tena haikupaswa kuingia kabisa. Miaka kumi na tisa Hillevi alikuwa akikereza vyuma kiwandani, na jana yake alikuwa ameipima mwenyewe kwa vernia, kile kipimo cha mafundi chenye taya mbili: matundu matano yaliyopangwa katika duara la milimita mia na kumi na nne na nukta tatu. Bolti za Volvo ya marehemu baba yao, ile sedani ya mwaka sabini na mbili, zilipangwa katika duara la mia na nane.

"Milimita sita, Sixten," alisema. "Milimita sita haziyeyuki."

Mdogo wake alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa gari, akipiga mluzi. "Vernia yako imezeeka, dada. Kama mwenyewe."

"Mimi sikupimi wewe. Napima chuma."

"Basi chuma kimekubali. Nani amewahi kubishana na kitu kilichokaa sawa?"

Hillevi akachukua spana, maana ule mluzi hakuwa ameusikia tangu Sixten aachwe na mkewe. Rimu hizo Sixten alizinunua kwenye mnada wa mali ya marehemu mmoja huko bondeni: nne, nyeupe kama fedha, hazina hata mkwaruzo. Tuva, binti wa Sixten wa miaka saba, aliyekuja kwake kila wikiendi, alijiona humo kama kwenye kioo akacheka. Kwa kicheko hicho Hillevi alikaza nati zote ishirini, akaiweka vernia sandukuni.

Hata hivyo alipitisha kidole kati ya tairi na madigadi. Kwa vipimo vyake tairi lilipaswa kusugua bodi. Halikusugua. Pengo lilikuwa kidole kimoja kamili, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na lilikuwa na baridi.

Siku ya tatu alikuta maji gereji, kwa Sixten. Madimbwi manne, kila moja chini ya gurudumu lake, na sakafu iliyobaki kavu kabisa. Yalinuka tope la ziwa na majani yaliyooza, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya joto, ya manyoya yaliyolowa. Alisimama muda mrefu akiitafuta akilini mwake, mpaka ikamjia. Farasi.

Siku ya tano mlango wa gereji ulikataa kufunga.

Baba yao alilijenga gereji hilo kwa ajili ya gari hilo. Kwa miaka hamsini mlango ulikuwa ukifunga nyuma ya bampa na kuacha nafasi ya ngumi moja. Sasa ubao uligonga chuma. Hillevi alichukua utepe, akapima kutoka pua hadi mkia. Kitabu cha gari kilisema mita nne na sentimita sitini na nne. Utepe ulisema sabini na moja. Akapima tena, na alipokuwa bado amepiga magoti akahisi gari zima likishuka kidogo kisha likipanda, taratibu, kama ubavu wa mnyama anayevuta pumzi usingizini.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Helmer, aliyekuwa mkaguzi wa magari wa wilaya hadi alipostaafu. Watu walisema nyundo yake ndogo ya kugongea vyuma ilikuwa na masikio. Alimkuta jikoni na kikombe cha kahawa, akamweleza yote. Alipofika kwenye zile milimita sita, mzee akakiweka kikombe chini.

"Nyeupe? Hazina mkwaruzo?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilizikataa mwaka themanini na saba," Helmer alisema, na sauti yake ikapungua kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. "Zilikuwa kwenye gari la Kijerumani. Nikazikataa tena tisini na tisa, kwenye gari jingine, kubwa mara mbili. Kote zilikaa kama zilizaliwa hapo. Kitu kinachokaa kila mahali, binti, hakina mahali pake. Mwenye gari la kwanza alipatikana ziwani mwezi Mei, barafu ilipopasuka. Yeye, mkewe, watoto wa kaka yake. Watu wanane kwenye gari la watu watano, na hakuna aliyekuwa amebanwa."

Hillevi alikumbuka ile harufu ya gereji. Bibi yake alikuwa akimkanya kila kiangazi: ukimkuta farasi mweupe kando ya kijito, mpole, ameinama anywe, usimpande. Ukipanda, mwenzako naye atapanda, na mgongo utarefuka. Atapanda wa tatu na wa nne, na mgongo utazidi kurefuka, mpaka watoto wote wa kijiji wawe juu yake. Kisha atageukia maji.

"Sema ni nani, mzee."

"Simtaji nikiwa jikoni kwangu. Unamjua. Na dawa yake unaijua: akitajwa jina, hutupa aliowabeba. Lakini lazima atajwe na aliye mgongoni. Ukimpigia kelele ukiwa kando ya njia, ni sawa na kuupigia mto kelele." Akatazama kalenda ukutani. "Leo ni tarehe thelathini, Hillevi. Moto uko ziwani."

Jioni ya mwisho ya Aprili kijiji kizima huteremka ziwani kuwasha moto na kuuimbia msimu mpya. Hillevi alikimbia. Jua lilikuwa bado juu ya misonobari, mwanga ulikuwa mwingi kila mahali, na ndani ya mwanga huo aliiona Volvo ikitoka uani kwa Sixten, ikimeta, bila mlio wa injini. Alisimama katikati ya njia. Ikapunguza mwendo. Kioo cha nyuma kikashuka.

"Shangazi, ingia!" Tuva, aliyeletwa kwa ajili ya sherehe, alimwita. "Bado kuna nafasi!"

Kwenye kiti cha nyuma, kiti cha watu watatu, alimwona Tuva na kuwahesabu watoto sita wa majirani, bega kwa bega, hakuna aliyepakatwa, na mwisho wa kiti, karibu na mlango, ngozi nyeusi ilikuwa tupu na pana, ikingoja.

"Sixten, watoe watoto."

"Siwezi kusimama, dada," Sixten alisema kwa upole, macho yake mbele. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni, na usukani ulikuwa ukizunguka wenyewe ndani ya viganja vyake. "Nimejaribu tangu langoni."

Gari lilianza kumkwepa. Hillevi alishika kitasa, na mlango, ambao watoto walikuwa hawawezi kuufungua, ukamfungukia yeye kwa wepesi, kwa furaha, kama mdomo. Akaingia, na lile jina likamganda ulimini.

Kiti kilikuwa na joto, na chini ya ngozi yake kitu kilipiga, dum, dum, kama moyo mkubwa uliozama. Nyumba zikapita, moto wa ziwani ukaonekana na watu wakiimba, wakipunga mikono, kwa maana waliona gari zuri tu lenye watoto wanaocheka, na kweli watoto walikuwa wakicheka, ila Tuva alikuwa ameacha, akimtazama shangazi yake na midomo iliyogeuka samawati, huku matairi yakiwa hayasikiki tena kama matairi bali kama kwato nne kwenye changarawe, zikiongeza mbio, na harufu ya manyoya na tope ikawajaa puani, na Sixten akikanyaga breki, akikanyaga, akikanyaga, akilia bila sauti, na ziwa likaja, jeusi, lenye vipande vya barafu, likapanda kwenye kioo cha mbele kama ukuta, na Hillevi akafungua kinywa, akakuta maji yameshajaa ndani yake, akayatema, akapiga ukelele jina alilopewa na bibi yake, la farasi wa kijito:

"Bäckahäst!"

Chini yao kitu kililia, mlio wa mnyama na wa chuma kwa pamoja. Gari likaruka, likaanguka kwa tumbo kwenye changarawe, hatua tatu kutoka majini. Mbele yao rimu nne ziliendelea peke yake, zimesimama wima, mbili mbele na mbili nyuma, zikaingia ziwani kwa mpangilio huo huo bila hata kurusha tone.

Watoto walitoka wakilia, wazima wote. Hillevi alishuka na kuinamia habu. Nati zote ishirini zilikuwa mahali pake, zimekazwa.

Waliivuta Volvo hadi gereji, wakaiweka juu ya magogo. Mlango ukafunga, ukaacha nafasi ya ngumi moja. Kesho yake Sixten alileta magurudumu ya zamani, yale ambayo baba yao alilinunua gari likiwa nayo.

Hayakuingia.

Hillevi alitoa vernia. Alipima bolti mara tatu, kisha akakaa sakafuni.

"Ngapi?" Sixten alinong'ona.

"Mia na kumi na nne. Nukta tatu."

Wakampigia simu Ingemar wa vyuma chakavu, mtu mcheshi wa kijiji cha pili, aje alichukue gari kwa lori lake. Hillevi alimsihi alivunjevunje siku ile ile atakayolichukua. Siku iliyofuata saa nane mchana, akiwa kwenye mashine yake ya kukereza, simu ikalia.

"Mama, mbona mlinidanganya?" Ingemar alikuwa akicheka. "Mlisema liko juu ya magogo. Nimelikuta na magurudumu manne, yanang'aa, bado yana maji mliyoyaoshea. Nikasema kwa nini nitese lori langu? Nimeliwasha tu. Linakwenda kama hariri! Wanangu nimewapitia shuleni, na wenzao nao wamepanda, na nafasi ilivyo tele humu nyuma, wallahi sijapata kuona."

Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wakicheka. Nyuma ya watoto, changarawe.

"Ingemar." Hillevi alishika simu kwa mikono miwili. "Usiniulize kitu. Kuna neno moja. Lazima ulitamke wewe, kwa sauti, sasa hivi."

"Neno gani?" Ingemar aliuliza, bado akicheka, na kicheko chake kikawa na mlio wa mtu anayesukutua kinywa kwa maji.