Kiti Ni Nani?

Kwenye gereji ile hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Ukifika na taa iliyopasuka, wewe ni Taa mpaka uondoke. Ukifika na tairi, wewe ni Tairi, hata kama kwako unaitwa mheshimiwa. Kifaa kikiwa tayari, fundi anapaza sauti kutoka ndani, "Taa ni nani?" nawe unajibu kutoka kwenye benchi, "Taa ni mimi," mambo yanakwisha. Wateja walishazoea, na wengine waliupenda utani huo kuliko kazi yenyewe.

Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo mpima ardhi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mwendo. Jina hilo alilipata kwa kuendesha pikipiki kana kwamba anadaiwa na upepo, na alilipenda mno, kama wanaume wa aina yake wanavyopenda kusifiwa kwa upuuzi. Alikuwa amenunua pikipiki mpya ya safari ndefu, kubwa, nyeusi, ya kuwatoa wenzake udenda, na tangu ainunue alikuwa haishi kuiongezea vitu: kioo kirefu cha kukinga upepo, masanduku ya pembeni, taa za ukungu, vishikio vya kupasha mikono joto, helmeti mbili zenye spika na maiki ndani ili dereva na abiria waongee njiani. Kilichobaki kilikuwa kiti cha abiria, kipana, chenye egemeo la mgongo. Fundi alikuwa anakifunga kwa ajili ya mke wa Mwendo, ambaye kazi yake ilikuwa ususi, na msusi mwenyewe alikuwa ameketi pale kando ya mumewe akisubiri. Jumamosi iliyokuwa inakuja wangeanza safari yao ya kwanza.

"Kiti ni nani?"

Mwendo alikuwa anachezea simu. Hakuinua hata kichwa. "Kiti ni mimi," alijibu.

Fundi alichungulia kutoka nyuma ya turubai, spana mkononi, akatema kwanza skrubu alizokuwa amezibana mdomoni. "Nani kakuita, bosi? Kiti bado hakijakaa sawa."

"Si umeniita wewe?"

"Na skrubu hizi mdomoni? Ningekuitaje?"

Watu wa kwenye benchi walicheka, na fundi akacheka nao, ingawa yeye alirudi haraka nyuma ya turubai lake. Msusi hakucheka. Sauti ile aliisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na pale gerejini mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Pikipiki ilipofika nyumbani, mtu wa kwanza kuja kuiona alikuwa mama wa marehemu. Marehemu ni mke wa kwanza wa Mwendo, aliyekufa miaka michache nyuma kwa kuanguka kutoka kwenye pikipiki ya zamani, kwenye kona moja ya barabara kuu. Mama huyo aliishi mtaa wa pili, hakuwa na mtoto mwingine, na msusi alimpenda bila mtu kumwambia ampende. Habari ya ajali Mwendo alishaisimulia mpaka ikamlainikia mdomoni: marehemu alisinzia, akaachia mikono, akaanguka. Na alisinzia kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile alikesha akimuuguza mama yake. Aliyasema hayo mbele ya waombolezaji wote, mwanaume mzima, bila kupepesa macho. Tangu hapo mama wa watu aliishi akiamini kwamba homa yake ndiyo iliyomuua mwanawe.

Mama alilipapasa lile egemeo taratibu. "Mwanangu aliliomba hili," alisema. "Aliomba mpaka akachoka. Akaambiwa linaharibu sura ya pikipiki."

Msusi aliutazama mkono wa mama. Yeye hakuwa ameomba chochote.

Halafu mama akaurudisha mkono wake haraka. "Mbona kiti kina moto?"

Pikipiki ilikuwa kivulini tangu asubuhi. Msusi aligusa. Kiti kilikuwa na joto la mwili, na sponji yake mpya ilikuwa imebonyea katikati, ikiinuka polepole, kama inavyoinuka mtu anapotoka kukaa. Alipoinama akasikia harufu ya mafuta ya nywele yenye karafuu, na chini yake harufu ya mpira ulioungua.

"Mama, unajipaka mafuta ya karafuu?"

"Mimi sijipaki," mama alijibu. "Alikuwa anajipaka mwanangu."

Jioni, jua bado lipo, Mwendo alitaka kujaribu spika. Alimvalisha mkewe helmeti moja, akamsimamisha getini, yeye akavaa nyingine. "Hazifiki mbali," alimwambia. "Fundi anasema nikipita sokoni tu zinakatika." Akaondoka kwa mbwembwe zake. Msusi alisikia upepo, akamsikia mumewe akijisifia injini, kisha akasikia mtu mwingine akivuta pumzi, karibu kabisa na sikio lake.

"Punguza mwendo, mume wangu."

Ilikuwa sauti ile ile ya gerejini, sauti ya mtu anayebembeleza huku ameogopa.

"Usinianze," Mwendo alijibu. Alijibu upesi, kwa mazoea.

"Punguza, nakuomba. Nateleza."

"Hutaki, shuka!"

Baada ya hapo ukabaki upepo mtupu. Mwendo aliporudi, uso wake ulikuwa umempauka. "Kwa nini uliniambia nipunguze?"

"Sijafungua mdomo wangu," msusi alinong'ona. "Nilikuwa nasikiliza tu. Ulikuwa unamwambia nani ashuke?"

Mwendo alimpita. Aliingia ndani akanawa mikono, akainawa tena.

Asubuhi, mumewe akivaa shati, msusi aliona kiunoni kwake alama za vidole, kulia na kushoto, nyeusi, za mtu aliyemng'ang'ania kutoka nyuma asianguke. Na kuanzia hapo Mwendo hakuweza tena kukaa kwenye kiti kama watu wanavyokaa, alikaa ukingoni, amepanua mapaja, mgongo umepinda kwa uzito ambao hakuna aliyeuona, na akitembea alitembea hivyo hivyo, akihema kama aliyebeba gunia, na msusi akipita nyuma yake ile harufu ya karafuu na mpira ilimpiga usoni, na zaidi ya yote, zaidi ya alama na harufu, ni kwamba katikati ya maongezi ya kawaida kabisa, akiomba chumvi, akiulizia soksi zake, sauti yake ilikuwa inapanda, inalainika, inakuwa sauti ya mwanamke, na sauti hiyo inauliza kwa upole, "Mama yangu ameamkaje leo?" Kisha inashuka, na Mwendo anaendelea kutafuta soksi kana kwamba hakusema kitu.

Msusi alimwogopa mumewe. Alilala chumba cha pili, mlango ameufunga kwa ufunguo.

"Jumamosi mimi sipandi," alimwambia.

"Utapanda." Macho ya Mwendo yalikuwa mekundu. "Nimekufungia kila kitu. Utakaa nyuma yangu, yeye atakosa pa kukaa, ataondoka."

"Yeye nani?"

Mwendo akajiuma mdomo. Msusi akaelewa kwamba lile egemeo, kiti kipana na vyote alivyofungiwa havikuwa zawadi tena. Alikuwa anafanywa kizibo.

Fundi ndiye aliyeleta msaada. Alikuja mchana, siku moja kabla ya safari, kukaza nati kama alivyoahidi, akamkuta Mwendo amechuchumaa kando ya pikipiki akihema. Akamvuta msusi pembeni. "Shemeji, nisamehe. Siku ile kwenye benchi hata mimi niliisikia ile sauti. Nilicheka kwa woga tu." Akatoka mbio, akarudi na dada yake mkubwa, mganga, mama mfupi mwenye miwani, aliyevua viatu mlangoni na kuomba kwanza maji ya kunywa.

Mganga alitaka kuelezwa yote tangu mwanzo. Simulizi ilipofika pale kwenye benchi, akasonya.

"Nyie mafundi, kiti chenu ni cha kukalia. Kwetu sisi kiti ni mtu. Ni yule anayepandwa, pepo anamkalia na kusema kwa mdomo wake. Na tunapomtafuta, tunauliza maneno hayo hayo: kiti ni nani? Huyu bwana kaulizwa, kaitika mwenyewe, mbele ya mashahidi."

"Basi mfukuze," Mwendo alisema.

"Aliyekaribishwa hafukuzwi. Anaulizwa anataka nini."

Alimkalisha Mwendo kwenye mkeka sebuleni, akamshika paji la uso, akauliza. Mdomo wa Mwendo ukafunguka.

"Mama aitwe," ilisema sauti ya mwanamke.

Mama wa marehemu aliletwa akiwa na kanga ya nyumbani, unga bado uko mikononi. Aliposikia ile sauti ikisema "Shikamoo mama," aliyumba, msusi akamdaka.

"Marahaba, mwanangu," mama alisema, akilia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukeshesha."

"Mkwe wako ana neno la kukwambia, mama. Akilisema, nashuka. Aseme tu. Mimi sitaki kingine."

Mganga akamwachia paji la uso. Mwendo akapepesa macho, akarudi kuwa yeye, jasho linamtiririka. Watu wote walikuwa wanamtazama. Neno lilikuwa moja tu, na lingemwokoa, na alikuwa nalo mdomoni. Msusi aliomba kimoyomoyo alitoe.

"Mama," alianza. "Mama, siku ile... alisinzia. Nilisema tangu mwanzo. Alisin..."

Akapiga ukelele. Shati lake lilikuwa linabonyea kiunoni, kulia na kushoto, kwa vidole visivyoonekana.

"Sema kweli, kaka," fundi alinong'ona. "Sema upone."

Lakini Mwendo hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alitambaa kwenye mkeka, akamshika mkewe mguu, akamvuta.

"Kiti si mimi!" alipiga kelele. "Nilikosea! Kiti ni yeye! Nilimfungia yeye, mchukue yeye!"

Msusi alihisi mikono ya baridi ikipita kiunoni kwake, ikimzunguka, ikikutana tumboni. Harufu ya karafuu ilimjaa puani. Hakuweza kupiga kelele wala kukimbia, na kilichomuuma, katikati ya hofu ile yote, ni kwamba mumewe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama mlango.

Halafu sauti ikamsemesha sikioni, yeye peke yake, kwa huruma.

"Na wewe amekwambia ushuke."

Mikono ikamwachia.

Mwendo alikuwa ameshafika mlangoni alipokamatwa na mikono hiyo hiyo. Kichwa chake kiligeuka kwanza, kikamtazama mama, na mdomo wake ukasema bila haraka, "Mama, sikusinzia. Nilimwomba apunguze. Aliniambia hutaki, shuka, akavuta mafuta, nikaanguka. Nilimwita. Alinisikia, mama, aligeuka akaniona nimekaa barabarani nikimpungia. Akaenda zake ili anitie adabu. Lori lilikuja baadaye sana. Homa yako haikuniua."

Mama hakulia tena. Aliinuka, akajifuta unga kwenye kanga, akamtazama yule mkwe ambaye yeye mwenyewe alimlisha na kumpa pole miaka yote hiyo.

"Mpeleke," alisema.

"Mama, usiseme hivyo!" mganga alimkataza, lakini neno lilishatoka.

Mwendo alivutwa kiunoni mpaka uani, visigino vikichora mistari kwenye mchanga. Akapandishwa pikipiki, akakalishwa nyuma, kwenye kiti kipana, mgongo kwenye egemeo. Mikono yake ikainuka ikakumbatia hewa. Mbele yake, kiti cha dereva kikabonyea. Fundi alijipapasa mfukoni, akautoa ufunguo wa pikipiki aliouchukua alipokuja kukaza nati, akawaonyesha wenzake kwamba anao yeye, na wakati bado ameushika, injini ikawaka. Ikatoka getini. Majirani wanasema walimwona Mwendo akipita sokoni bila helmeti, amekaa nyuma, mdomo wazi, na kila mmoja alidhani macho yake yamemdanganya.

Waliobaki wakarudi sebuleni. Helmeti zilikuwa mezani, zote mbili, na hakuna aliyezikumbuka mpaka moja ilipokoroma.

"Haiwezekani," fundi alisema. "Nyingine ipo hapa hapa. Na ameshapita sokoni."

Upepo ulikuwa unavuma ndani ya helmeti, mwingi, wa barabara kuu. Kisha ikasikika sauti ya mwanaume anayelia.

"Punguza mwendo, mke wangu. Punguza, nakuomba. Nateleza."

Msusi alinyoosha mkono kutafuta kitufe cha kuzimia. Mama wa marehemu akaushika mkono huo, bila nguvu, akauweka chini. Akavuta kiti, akaketi mbele ya meza, akaisogeza helmeti karibu na sikio lake.

"Usizime," alisema. "Acha nimsikie mwanangu anavyomjibu."