Fungu la Mloka

Rafiki yangu Ashrafu si mtu wa kuzua, na haya yalimkuta mwenyewe Kibiti, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa.

Kampuni moja ya korosho ilimtuma akarekebishe seva yao. Seva hiyo iligawanywa mafungu, kila ofisi na fungu lake na kiasi chake cha prosesa, yaani nguvu ya mashine ya kufanyia kazi. Ofisi ya kijiji cha Mloka ilishafungwa, lakini fungu lake liliendelea kula nguvu za mafungu mengine. Kazi ya Ashrafu ilikuwa kulishushia kikomo cha nguvu hizo.

Chumba kilikuwa na giza, hakina dirisha. Karani aliyehamishwa kutoka Mloka, Dada Tabu, alikaa nyuma yake akimsimulia jinsi viboko walivyomaliza mahindi yao. Ashrafu akakishusha kikomo nusu. Feni za seva zikapunguza mvumo, na sauti ya Tabu ikafifia nazo.

"Dada, sikusikii."

Alipokirudisha, sauti ikarudi. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Akampigia bosi wake Dar.

"Bosi, hili fungu tuliache."

"Tuliache vipi, na watu wa ofisi nyingine wamekwama? Usihangaike, nalizima mwenyewe kutoka huku."

"Subiri kwanza, bosi."

Simu ilishakatwa. Ashrafu akabonyeza vitufe, mashine haikumkubalia tena. Feni zikashuka. Nyuma yake habari za viboko zikafifia kama redio inayoishiwa betri, mpaka kimya.

Akageuka. Midomo ya Tabu ilikuwa bado inasimulia, na mikono yake ikionyesha upana wa kinywa cha kiboko.