Kopo la Dafroza

Uligeuza uso. Usinibishie, wengi wenu mlikuwepo: Jumapili ya Agosti 1983, uani kwa Mama Epifania, hapa Mkuu Rombo. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono. Ilipomfikia Dafroza, mke wa Kalisti, ikamruka. Akaletewa mbege yake kwenye kopo la maziwa ya unga. Nanyi mkatazama migomba kana kwamba ndiyo kwanza mnaiona.

— Mama, kata imetoboka? Dafroza akamuuliza Mama Epifania, mkwe wake.

— Kunywa, mwanangu. Hilo ni lako peke yako.

— Nimeuliza kata.

— Wale wa Dar wamekutia moto kifuani. Hapa kuna watoto.

Dafroza alikuwa na saratani ya titi. Huko Dar walimpasua, kisha wakamwanzishia mionzi. Wiki ya tatu ngozi ya kwapa ikachunika. Daktari akampumzisha siku kumi: osha kwa maji matupu, usipake mafuta, usifute mistari hii ya wino, urudi umalizie. Akafika nyumbani na mistari ya zambarau kifuani, mkwe akaona uchawi. Akamkandika mafuta ya kondoo na majivu, Kalisti akimshika mikono asijitoe. Kidonda kikatoa maji, kikanuka. Kalisti akahamia kulala kwa mama yake.

— Mionzi haiambukizi, Dafroza akasema. Inapiga, inaondoka.

— Na harufu inaondoka lini, shemeji? akadakia Filemon, mdogo wake Kalisti.

Mkacheka. Nakumbuka meno ya nani yalionekana.

Primus wa posta, asiyejua kitu, akamgeukia Kalisti:

— Ndugu, ile telegramu ya wiki iliyopita mlishaijibu? Maana Melkior kaleta nyingine.

Dafroza akaweka kopo chini.

— Telegramu gani, Baba Sirili? akamuuliza mumewe.

— Nitakueleza nyumbani.

— Nyumbani si ndiyo hapa?

Akaichukua ile ya pili mkononi mwa Primus, akaisoma kwa sauti. Ni ya kaka yake Dafroza aliyeko Dar:

"DAKTARI ANAULIZA. SIKU ZIMEPITA. AKIACHA KATIKATI UGONJWA UTARUDI. MLETE. MELKIOR."

— Ile ya kwanza umeificha siku ngapi?

— Nane.

— Ulitaka nife?

— Nilitaka wasikuchome tena.

— Sema kweli, Kalisti.

Dafroza akabeba kopo lake, akashuka kwa mama yake, Leonia. Mwendo wa saa moja ulimchukua saa tatu, kwa jinsi mionzi ilivyomnyonya nguvu. Hakuna aliyemsindikiza. Hata mimi, na mpaka leo najionea kinyaa.

Asubuhi yake Kalisti akasimama mlangoni kwa Leonia, jani la isale mkononi. Uchagani anayeomba msamaha kwa isale hafukuzwi, na hilo ndilo alilolitegemea.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba. Isale nalijua, ila wewe bado nakuchunguza. Pita.

Dafroza alikuwa kwenye kigoda, khanga imelegezwa begani.

— Nisamehe, mke wangu.

Akalipokea jani, akaliweka mapajani.

— Nimelipokea. Sasa nawa mikono.

— Mikono ya nini?

— Jani haliwezi kuniosha kidonda. Maji yale pale, yamechemshwa yakapoa.

Akanawa. Dafroza akafunua khanga. Kalisti akatazama ukuta.

— Nitazame mimi.

— Inanuka, Dafroza. Nilitapika nyuma ya zizi. Siku hiyohiyo telegramu ikaja, nikaitia mfukoni.

— Najua inanuka. Mimi ndiye ninayelala nayo.

Kalisti akamimina maji. Akaanza kuosha.

— Usisugue. Gusagusa tu na kitambaa.

— Hivi?

— Hivyo. Wino usiuguse. Ndiyo njia ya mashine, na nusu mlishaifuta.

— Basi la Dar linatoka Moshi kesho alfajiri. Twende wote.

— Na mama yako?

— Kasema nikienda nisirudi.

— Utarudi?

— Na wewe.

Dafroza akainua lile kopo, akachota maji ya kunywa mtungini, akanywa nusu. Nusu akampa Kalisti, naye akanywa. Leonia akaenda jikoni kumenya ndizi za mtori wa safari.

Walikaa Dar mpaka mionzi ikaisha. Kalisti alijifunza kumfulia gauni la pamba lisilobana kwapa, kumlisha kijiko kijiko chakula kilipomchukiza, kunyamaza alipolala mchana kutwa. Ngozi ikafunga, ikabaki nyeusi. Krismasi hiyo kata ilimfikia Dafroza kwa heshima zote. Akaipisha, akatoa kopo lake kwenye mfuko. Kalisti akanywa naye humohumo, na safari hii aliyetazama migomba ni Mama Epifania.

Sasa wewe. Unaujua mlango wa mgonjwa ulioupita leo kwa haraka, ukijifanya una shughuli. Weka chini unachosoma. Rudi pale, ubishe hodi, nawa mikono. Muulize siku yake ya hospitali ni lini, umpeleke wewe mwenyewe. Na kabla hujaondoka, omba maji, unywe kwenye kikombe chake, akikuona.