Udi wa Kufichia

Duka la udi la Balad, mji mkongwe wa Jeddah, lilikuwa limefurika watu baada ya Alasiri. Wahida alikuwa ananyoosha mkono kwenye kopo la mwisho, akasikia nyuma yake kikohozi, kisha Kiswahili cha Unguja.

"Hilo nilishaliwekea macho mimi, dada."

Aligeuka. Kijana mrefu, kanzu nyeupe pe, kofia ya viua imekaa upande.

"Unamfukizia nani udi wote huo?"

"Nafsi yangu."

"Makubwa!" Wahida akacheka. Hakuwa amecheka tangu azikwe Saif, mdogo wake.

Kijana aliitwa Mselem, karani wa ofisi moja huko Murabba, Riyadh. Simu zikaanza, na kila baada ya wiki mbili alipanda ndege kuja Jeddah, kwenye nyumba kuukuu ya kina Wahida, ghorofa ya nne. Kila alipopanda ngazi, nyayo zake zilisimama ghorofa ya pili. Wahida alizisikiliza kutoka juu. Pale pale ndipo alipokuwa akisimama Saif.

"Mbona huishia njiani, habibi? Umezeeka?"

"Naweka kofia sawa, roho yangu. Naja kwa malkia."

Na siku zote alinukia udi, mpya na mzito.

"Mwanamume hajifukizi mwenyewe namna hiyo," mama yake, Bi Nada, alimnong'oneza. "Ana mke huyo."

Neno likamkaa moyoni. Sasa kwenye simu alisikia kila kimya, kila pumzi ndefu, kila mara simu ilipozibwa kwa mkono. Asubuhi moja uvumilivu ukamwisha.

"Nani yuko nawe hapo?"

"Mafi mtu, Wahida. Peke yangu."

"Halas. Baki na mkeo." Akakata.

Kabla ya Magharibi Mselem alikuwa mlangoni. Alitoka kazini mbio hadi uwanja wa ndege, hakupita hata kwake. Kanzu imekunjamana, jasho linamtiririka, anahema.

"Wallahi sina mke. Nimekuja kukuposa wewe."

Moyo ulishamlainika, akasogea. Ndipo harufu ikampata. Tikitimaji, tamu kama ya peremende. Harufu ya chumba cha Saif, ambayo mpaka leo haijatoka kwenye mapazia.

"Itoe."

Mselem akatoa mfukoni sigara ya umeme. "Ni mvuke tu, mpenzi."

"Saif naye alisema mvuke. Kafa na miaka ishirini na miwili, Mselem! Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake, hatukuuliza tena. Na mimi ndiye niliyekuwa namfukizia nguo, mama asijue." Akalia. "Afadhali ungekuwa na mke. Mke mwenzangu ningegombana naye. Hiki nitagombana nacho vipi?"

"Nitaacha."

"Nenda ukaache. Siku ukija, uje bila udi."

Miezi mitatu ikapita kimya. Wahida alisikia nyayo ngazini hata pasipokuwa na mtu, na hakujua ni za yupi kati ya wale wawili.

Ijumaa moja, baada ya swala, zikaja nyayo za kweli. Zilipofika ghorofa ya pili zikasimama. Kikohozi.

Zamani, Saif aliposimama pale, Wahida alimpigia kelele kutoka juu: "Panda, mvivu wee!" Safari hii alijitupia mtandio, akashuka. Mselem alikuwa amekaa kwenye ngazi, amekonda, ananukia sabuni tu.

"Nina siku arubaini sijaigusa," alisema akitweta. "Lakini kifua, Wahida... Daktari anasema huenda kisirudi kama zamani. Sitaki kukuficha tena."

Wahida akaketi kando yake. Alimpenda, na alimwogopea.

"Pumzika kwanza," akasema. "Zimebaki ghorofa mbili. Tutapanda pamoja, na tukifika juu ndipo utaniposa."