Upande wa Kulia wa Kitanda

Jumanne, saa tisa alasiri, joto la Ndanu lilikuwa 39.6 kwapa la kulia na 36.8 kwapa la kushoto. Sista Millicent alileta kipimajoto kingine. Namba hazikubadilika.

"Hizi vitu zimeharibika zote," akasema.

Ndanu alikuwa amejifungua msichana siku tisa kabla, katika hospitali moja ya Parklands. Homa ilianza siku ya nne. Dakta Were alisema ni bakteria kwenye kizazi. Dawa ya kwanza haikusaidia, wala ya pili. Ya tatu iliwaua bakteria hao kwenye maabara.

"Dawa inafanya kazi," daktari alimwambia Mulwa, mume wa Ndanu. "Homa sijui inatoka wapi. Ikiendelea hivi, moyo wake hautahimili."

Syokau, mama yake Mulwa, alikuwa na jibu tangu Jumapili. "Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni wa wale wengine, wa mizimu. Wamemfuata, na wanapitia kwa mama yake."

"Mum, mimi ni mzee wa kanisa. Jina tutampa Ndanu akipona."

"Basi mzee wa kanisa, njoo ulale hapa."

Alionyesha upande wa kulia wa kitanda. Godoro lilikuwa limebonyea, na hapakuwa na mtu. Mulwa aliweka kiganja, akakiondoa upesi. Palikuwa pa moto.

"Usiketi hapo," Ndanu alinong'ona. "Ananisukuma. Tangu jana anauliza mtoto anaitwa nani."

"Unamjibu nini?"

"Kwamba hana jina. Anacheka."

Harufu ya majivu yaliyolowa mvua ilienea chumbani ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na Ndanu akaanza kutetemeka upande mmoja tu, mkono wa kulia na mguu wa kulia, hadi vyuma vya kitanda vikagonga ukuta.

"Mum, mpe jina! Haraka!" Mulwa akapaza sauti.

Syokau alimwinua mtoto aliyekuwa amelala fofofo kwenye kitanda chake kidogo, akaita "Ndinda" mara ya kwanza, akaita mara ya pili, na alipoita mara ya tatu sauti ya mwanamke ikaitika "Niko hapa" kutoka upande wa kulia wa kitanda, kisha godoro likainuka polepole, kama linavyoinuka mtu anaposimama, na mlango ukafunguka, ukabaki wazi.

Saa kumi, kipimajoto kilisoma 36.8 kwenye makwapa yote mawili. Sista Millicent aliingia na fomu ya kuzaliwa.

"Haya, mrembo wetu anaitwa nani?"

Mulwa alifungua mdomo. Ndanu alimshika mkono.

"Usilitaje. Hilo amelichukua yeye. Ukiliita, atarudi."

"Basi tumpe lingine."

"Bado amesimama mlangoni. Anasikiliza."

Ijumaa, saa tano asubuhi, Ndanu aliruhusiwa kwenda nyumbani Mountain View. Hakuwa na homa. Kwenye fomu, nafasi ya jina la mtoto ilikuwa tupu.