Binti Mfalme wa Juzuu ya Tatu

"Huyu naye hana haya," Aliya alinong'ona kwa Kiswahili, akidhani hasikiwi.

Ilikuwa Ijumaa ya maonyesho ya vitabu ya Maskati, watu wanakanyagana baina ya meza, na kijana mmoja wa kanzu ya dishdasha ya kahawia, kofia imemkaa upande, alikuwa amemnyooshea simu.

"Haya ninayo," kijana akajibu kwa Kiswahili hicho hicho cha Unguja. "Nlikuwa nnapiga picha vitabu. Wewe umeingia mwenyewe."

"Basi nifute."

"Kimeingia kiwiko tu."

"Na kiwiko changu pia kifute."

Hakukifuta. Aliya naye, aliyevaa abaya ya kijivu yenye darizi mikononi na kunukia udi, hakuondoka. Wiki ya pili yake walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni.

Jaifar, ndilo jina la kijana yule, alikuwa mhandisi wa maji serikalini mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo alikuwa mwandishi wa Kijapani. Sifanyi mzaha. Alisoma Japani miaka sita, na upweke wa bweni ukamfundisha kuandika zile riwaya nyepesi wanazozipenda vijana wa huko: vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vyenye picha za wasichana wa macho makubwa, vinavyotoka juzuu baada ya juzuu. Alianza kwa kupachika sura moja moja mtandaoni. Wasomaji wakamfuata, mchapishaji akamwita. Kwenye jalada alitumia jina la Kijapani la kubuni, na Maskati nzima hakuna aliyejua isipokuwa Aliya. Mama yake mzazi alidhani mwanawe anamaliza ripoti za mabomba.

Juzuu ya kwanza ilipendwa. Ya pili ikadorora. Mhariri akamwandikia, kwa adabu zote za kwao, kwamba ya tatu isipochangamka wiki zake za mwanzo, hadithi itakatwa hapo hapo ilipofika.

"Huyo binti mfalme wako ana kasoro gani hata hawamtaki?" Aliya alimuuliza kwenye simu.

"Mhariri anasema hana kinachomuuma."

"Masikini. Mlete kwetu siku mbili, atakipata."

Walicheka. Lakini jioni moja, garini, mtaa wa Mabela, wakisubiri mishikaki yao, Aliya alimweleza kinachomuuma yeye. Miaka mitatu nyuma aliozeshwa mtoto wa rafiki wa baba yake. Mashahidi walikuja mpaka nje ya mlango wa kijani wa chumba chake kumuuliza kama ameridhia. Yeye alikuwa anavuta pumzi aseme hapana. Mama yake, Bi Jawaher, akakohoa kidogo, akajibu kwa sauti inayofanana mno na ya mwanawe: nimeridhia. Umeme ukakatika pale pale. Ndoa ilivunjika baada ya miezi miwili, hata arusi haijafanywa.

"Baba hajui mpaka leo," Aliya alisema. "Akijua, mama amekwisha."

"Kwangu imezikwa, habibti," Jaifar alimjibu. Na wakati ule alisema kweli.

Mwezi wa tano tarehe ya kukabidhi ilimfika shingoni na hana sura hata moja ya maana. Akaiandika ile siri ya Aliya. Akaweka ikulu, malkia, mlango wa kijani, kikohozi, taa zikizimika. Nani Maskati anasoma Kijapani? Alilia akiandika, na machozi yakamdanganya kwamba hakosei.

Alichosahau, na mtu wa kazi yake hakupaswa kusahau, ni mashabiki. Vijana wa Kiarabu huzifasiri juzuu hizi bure, sura kwa sura, kwa mapenzi tu, na kuziweka mtandaoni. Ruba, binti ami yake Aliya, alikuwa mmoja wa wasomaji wao. Ijumaa moja, nyumbani kwa kina Aliya, sinia ya chakula iko kati, akaisoma ile sura kwa sauti huku akicheka.

"Kama akdi ya ndoa ya Aliya, jamani. Mpaka umeme kukatika."

Baba yake Aliya alimgeukia mkewe. "Jawaher, ni wewe ulojibu siku ile?"

Bi Jawaher hakuweza kuinua macho.

"Nani mwengine nlimwambia, Jaifar?" Aliya aliuliza kwenye simu, siku ya pili.

"Hakuna."

"Mama yuko Qurayyat kwa kaka yake. Baba hasemi naye. Miaka thalathini na moja ya ndoa, hasemi naye."

"Roho yangu, nlidhani hapa hapana wa kukisoma."

"Yaani Wajapani wakinisoma mie hapana neno."

Akakata. Miezi miwili Jaifar alipiga, hakupokewa. Alikonda mpaka kazini wakamuuliza kama anaumwa. Kisha alasiri moja Aliya akapiga mwenyewe, wakakutana Sidab, pwani, garini, madirisha yamefungwa kwa joto.

"Nlikuwa na hamu na wewe," Aliya alisema, macho yamemvimba. "Nimejizuia, nimeshindwa."

"Nataka kuja kuposa. Na kuandika ntaacha."

"Juzuu ya nne wameikubali?"

"Wameikubali. Ile sura ndo ilouza."

"Nitizame. Utaiandika?"

Jaifar alitizama usukani. Miaka minane ya kuandika ilikuwa ndani ya jibu lile.

"Nnakupenda, sitokudanganya," Aliya akasema pole pole. "Lakini nikiwa mkeo, kila litakalonisibu ntalimeza kabla sijaingia ndani. Ntakupikia, ntacheka na wewe, na sitokwambia kitu mpaka nnakufa. Ndoa gani hiyo?"

Alimshika mkono, akaubusu, akashuka. Jaifar alimuona akifuta machozi kwa ncha ya shela, na hakumfuata.

Juzuu ya nne ilitoka Disemba. Ndani yake malkia anasamehewa, anarudi ikulu, na binti mfalme anaolewa na anayempenda. Wasomaji walimwandikia kwa mamia wakimshukuru kwa mwisho mzuri.

Bi Jawaher bado yuko Qurayyat. Kila Ijumaa Aliya humwendesha baba yake mpaka mbele ya nyumba ya mjomba wake huko, na mzee hateremki garini.