Gundi ya Maji Baridi

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule na kuianika uani, Kaliza alimsaidia baba yake kazini. Gasana alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Nyamirambo, Kigali. Watu walimletea vitabu vya nyimbo vilivyoachia kurasa, vyeti vilivyotafunwa na panya, na mara chache picha za zamani.

Jumamosi moja ya mwaka 1992, jirani yao Bibi Épiphanie alileta picha ya harusi yake. Ilikuwa imechanika katikati: yeye upande huu, marehemu mumewe upande ule. Hakuwa na picha nyingine ya mume huyo. Aliilaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akasema angeifuata kesho yake baada ya misa.

Gasana alimkabidhi Kaliza unga wa gundi uliobaki. Ulikuwa kidogo tu, na kwa sababu ya vita haikujulikana mwingine ungepatikana lini. Akamwagiza aukoroge sufuriani kwa maji baridi, polepole, mpaka uyeyuke wote. Kisha yeye akaenda sokoni kutafuta kadibodi.

Kaliza alianza vizuri, lakini unga ulifanya madonge, na nje rafiki yake Natacha alikuwa akimwita wakaruke kamba. Akakumbuka jinsi sukari inavyoyeyuka upesi katika chai ya moto. Basi akaibandika sufuria juu ya makaa. Gundi haikuyeyuka. Iligeuka nyeupe kama maziwa, halafu ikagandamana kama yai lililochemshwa.

Natacha alipoingia na kuona mambo yalivyo, alimshauri aimwage, kisha aseme unga ulikuwa umeharibika tangu mwanzo. Nani angejua? Kaliza akaishika sufuria, akafika nayo mlangoni. Hapo macho yake yakaangukia picha ile mezani. Bibi Épiphanie alikuwa msichana, akitabasamu, na begani mwake palikuwa na mkono wa mumewe, mkono usio na mwenyewe. Kaliza akarudi ndani, akaketi, akamsubiri baba yake.

Gasana aliporudi, Kaliza hakungoja aulizwe.

"Baba, nimeiharibu gundi. Niliichemsha ili niwahi kucheza."

Gasana aliitazama sufuria. Kisha akamimina maji ya mtungini katika beseni, akaiweka sufuria humo.

"Koroga," alisema.

Kaliza alikoroga mpaka mkono ukamuuma. Kadiri sufuria ilivyopoa, mabonge yalilegea, weupe ukatoweka, na gundi ikawa laini na angavu. Hakuamini macho yake.

Baba yake akamweleza kwamba unga ule una nyuzi ndogo mno zisizoonekana, kila moja ina vijitawi pembeni. Katika maji baridi, vijitawi huyashika maji, na nyuzi zikakunjuka na kutawanyika. Maji yakipata moto, vijitawi huyaachia, nyuzi zikang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Yakipoa, huyashika tena. Si kama unga wa uji, ambao ukishaiva umeiva.

Wakaiunganisha picha pamoja, Kaliza akipaka gundi na Gasana akibana kingo. Kesho yake Bibi Épiphanie alipitisha kidole mahali palipokuwa pamechanika, asiuone mpasuko. Alimshika Kaliza shavu, akaondoka ameikumbatia picha kifuani.

Gasana akamgeukia binti yake.

"Ungeimwaga gundi ile jana, mwanangu, hata mimi nisingeweza kukusaidia. Maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu hukosea. Lakini ukikosea, njoo uniambie kosa likiwa lingali sufuriani."